Siku Nilizojifunza Kisukuku

Mimi na pemba tumetoka mbali. Watoto wanne nimebeba, na kila mimba ilinidai udongo. Mimba zikaisha, hamu ya udongo haikuisha. Juzi nilikuwa nimekaa kibarazani hapa Bariadi, mvua ndiyo kwanza imepita, nikatoa kipande mfukoni mwa gauni nikakilamba. Kikang'ang'ania. Wanaokula pemba wananielewa: ikiwa kavu sana inaunyonya ulimi, unabaki umefungwa ndani ya mdomo wako mwenyewe kama ndama kwenye kamba. Wengine huona kero. Mimi hufumba macho, maana papo hapo narudi kwenye chumba kimoja chenye giza jepesi, harufu ya chaki, magunia na popo. Nina miaka kama tisa, na ulimi wangu umeshikwa na mfupa.

Shule yetu ilikuwa upande wa Lingeka, huko Meatu, nchi ya pamba na ng'ombe na makorongo yanayomeguka kila mvua ikija. Siku hizo hakuna aliyesema mkoa wa Simiyu. Simiyu ulikuwa mto, basi. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mayu, ndivyo tunavyomwita mama, na guku, yaani babu, mzaa baba. Baba alikuwa ameondoka kwenda machimboni kutafuta, na mpaka wakati huo alikuwa bado anatafuta.

Guku ndiye aliyenilea hasa, kwa sababu mayu alikuwa shambani na mimi nilikuwa zizini. Kazi yetu, guku na mimi, ilikuwa ndama. Jua likianza kulegea alisimama kwenye mlango wa zizi akapiga ulimi kwenye kaakaa mara mbili, ko, ko, akanyamaza, halafu tena, ko, ko. Ndama walikuwa wanainua vichwa popote walipo na kuja. Na mimi alikuwa ananiita hivyohivyo tukiwa kule, nami nilikuwa nakuja hivyohivyo. Jina langu alilitumia akikasirika tu. Nikisikia "Minza ng'wana Masunga!", jina na la baba yangu juu yake, nilijua leo kuna fimbo. Alinifundisha pia kumfungua ng'ombe mdomo na kusoma umri wake kwenye meno. "Ng'ombe hana uongo," alikuwa akisema. "Mwenye ng'ombe ndiye ana uongo."

Mwaka ule ndio pamba iliachiwa. Zamani mnunuzi alikuwa mmoja, chama cha ushirika, na ukishapimiwa ulikuwa unasubiri mpaka unasahau unachosubiri. Sasa ikawa ruksa, mwenye mizani na lori lake akaribie. Wakaja na malori yenye spika juu ya kabini, muziki unasikika toka ng'ambo ya korongo, na vijana wanarusha kofia za karatasi na vipande vya sabuni. Jamani, sabuni! Kwetu miaka ya nyuma sabuni iliadimika mpaka watu wakawa wanaifungia sandukuni pamoja na kanga za harusi. Mtoto gani angebaki ndani?

Mimi nilitakiwa kubaki. Guku alikuwa na siku ya pili tangu apatwe na kiharusi, upande mmoja wa mwili umelala. Mayu alichukua ndoo yake akaniambia, "Kaa hapo kwenye kigoda, mfukuzie nzi, akitaka maji mpe. Usitoke, umesikia?" Nikaitika. Halafu nikasikia ile spika. Nilijiambia nakwenda kuchungulia tu na kurudi, na kwenda nilikwenda mbio kweli. Kurudi ndiko kulikokosa mbio. Nilicheza. Nilicheza na kofia ya njano kichwani, nikiwa na furaha ambayo mpaka leo sijaisamehe.

Niliporudi uani kulikuwa na watu. Mayu alinishika bega, hakunipiga, heri angenipiga. "Alikuita," akasema. "Nimemkuta anahangaika kukuita. Ulimi ulikuwa umeshikwa. Hatukuelewa anasema nini." Basi. Hakuongeza neno siku ile wala siku zilizofuata.

Tulimzika zizini, kama wazee wa zamani walivyozikwa, ng'ombe wapite juu yake kila asubuhi na kila jioni. Mimi nilibaki na ile habari ya kuitwa. Kwetu neno la mwisho la mzee si kitu cha kuchezea. Likiwa baraka utatembea nalo, likiwa laana utatembea nalo vilevile. Nilikuwa nalala na swali moja na kuamka nalo: guku alikufa amenikasirikia, au hapana? Kumwuliza mayu sikuthubutu, na kumwuliza guku sikujua pa kuanzia.

Wiki chache baadaye Mwalimu Hiza akafungua makumbusho. Mwalimu Hiza alitufundisha sayansi. Alitoka Tanga, mrefu, mwavuli mkononi hata kiangazi, na Kiswahili chake kilikuwa kinateleza. Chetu sisi kilikuwa kinakanyaga mawe. Kila baada ya mvua alitupeleka korongoni kwa mstari. Tuliokota vipande vya mifupa, kile tu ambacho maji yamebeba na kukitupa mchangani. Kilichokuwa bado kimekaa ukutani mwa korongo alikikataza. "Hicho msikiguse, wanangu. Hicho kinawasubiri wataalamu. Sisi tunaokota makombo." Akaisafisha stoo ya majembe, akapanga mbao juu ya matofali, akajaza mchanga kwenye maboksi ya chaki, na kila kitu akakilaza kwenye boksi lake kama mtoto mchanga. Mlangoni akaandika kwa rangi nyekundu: MAKUMBUSHO. Nilisoma nikaelewa kwamba ni mahali pa watu kukumbushwa. Mpaka hapo sikukosea.

Nilipokosea ni siku ya somo la kwanza. Tuliingia kumi kumi. Mwanga ulikuwa unaingia kupitia matundu ya ukuta, vumbi linaelea ndani yake polepole, na mifupa imelala kimya. Mwalimu Hiza akainua kipande cha taya, cheusi, kizito, kina meno matatu bado yamekaa. Akasema kwa ile sauti yake ya kuteleza, "Hiki ni kisukuku."

Sasa nieleweni. Pale shuleni ukikamatwa unaongea Kisukuma ulivalishwa kibao shingoni, ukashinda nacho mpaka umkamate mwenzako. Kwa hiyo habari za lugha tulizijua kwa uchungu. Nyumbani Kisukuma, shuleni Kiswahili, na kulikuwa na Kiingereza, tulichokuwa tunakiimba asubuhi bila kujua tunaimba nini. Mtoto wa namna hiyo akiambiwa "Kisukuku," atafikiri nini? Nilifikiri, loo, imeongezeka ya nne. Na tena nilimsikia guku kabisa ndani ya lile neno. Nikajua hii ni lugha ya akina guku.

Mwalimu akazidi kunipoteza bila kujua. "Visukuku vinatuambia mengi," akasema. "Taya hili linatuambia huyu alikuwa jamaa wa nyati, alikuwa anakula majani, na aliishi kabla hapa hapajaitwa jina lolote." Mimi nikatega sikio, nikasikia popo tu. Kisha akasema, "Mawe ni matapeli. Utajuaje hili ni jiwe la kawaida au ni kisukuku? Unalamba. Jiwe haliushiki ulimi. Kisukuku kinaushika."

Tukalamba kwa zamu, watu wanacheka na kutema mate. Zamu yangu ikafika. Ulikuwa mfupa mkavu, una ladha ya vumbi la kiangazi, na uliushika ulimi wangu taratibu kama mtu anayekushika mkono gizani. Mwili wote ukanisisimka. Kwetu neno ni moja, lulimi: ndio ulimi huu wa nyama na ndiyo lugha. Mayu alisema ulimi wa guku ulishikwa. Mwalimu anasema Kisukuku kinashika ulimi. Kumbe ndiyo maana hawakumwelewa! Guku mwishoni alikuwa anaongea Kisukuku, na mwalimu wetu anakijua, na kinafundishwa hapahapa stoo ya majembe.

"Nani ataniambia huyu alikufa mtoto au mzee?" Mwalimu Hiza akauliza.

Nikaangalia meno. "Mzee," nikasema. "Meno yamekwisha, mwalimu. Huyu hata mnadani hanunuliwi."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka, aliinama akaniangalia. "Nani kakufundisha hayo?"

"Guku."

"Guku wako ni mwalimu kunishinda," akasema, na kwenye kile kikaratasi cha boksi akaongeza neno: mzee. Nilitoka pale nimevimba kichwa.

Kuanzia hapo nikawa mwanafunzi wa Kisukuku. Nilijitolea kufagia makumbusho kila asubuhi, na wenzangu wakanipa jina la Mke wa Mifupa, nami sikujali. Nilikuwa nafagia haraka, halafu nachutama mbele ya lile taya, maana nilifikiri lugha ni lazima itoke mdomoni na pale mdomo ulikuwa ule mmoja. Nilililamba. Niliweka sikio. Asubuhi nyingine nilisikia kitu kama watu wanaongea mbali sana, upande wa pili wa mvua, na nilikuwa naondoka nimefurahi, nikisema kesho nitashika neno. Zile asubuhi sizikumbuki moja moja. Zimekuwa asubuhi moja ndefu, mimi na mwanga wa matundu na vumbi linaloshuka bila kufika chini.

Halafu mnunuzi mmoja wa pamba akaja kuangalia vyumba. Alitaka pa kuweka marobota msimu huo, na stoo yetu ilikuwa na bati zima. Mwalimu mkuu alishaelekea kukubali. Shule haikuwa na madawati, na mtu huyo alikuwa anaahidi madawati. Ikabaki afisa elimu kuja Ijumaa, aone kama makumbusho yana faida yoyote kwa mtoto. Akiona hayana, mifupa itoke pamba iingie. Nilipolisikia hilo nikachanganyikiwa. Yaani Kisukuku kiondoke kabla sijajua hata salamu? Jumatano nikalitia taya ndani ya ndoo yangu ya maji, nikafunika na sweta, nikatoka nalo getini kama malkia.

Jioni ile zizini nilikaa karibu na guku, ndama wananipumulia shingoni. Nikalilamba taya mpaka likashika barabara, nikajaribu kuongea hivyohivyo, ulimi umeshikwa, nikijua sasa ndiyo lugha yenyewe. "Guku," nilitaka kusema, "ulisema nini? Ni mimi Minza. Ulikuwa unanilaani?" Ikatoka sauti ya mate tu. Nikangoja. Ng'ombe walicheua, upepo ukaleta harufu ya moshi wa mayu, na guku hakujibu. Nililia nikalifukia taya kwenye samadi pale pembeni yake, nikifikiri labda wao kwa wao wataelewana, nami nitaletewa jibu.

Kesho yake, Alhamisi, boksi likakutwa tupu. Mwalimu mkuu akatupanga mstari, fimbo mkononi, akasema atapiga mmoja mmoja mpaka taya litoke lenyewe. Wa kwanza alikuwa Holo, rafiki yangu, ambaye alikuwa anaanza kulia kabla ya kuguswa. Nikatoka mstarini.

"Ni mimi."

"Umempa nani? Umemuuzia nani?"

"Sikuuza. Nilikuwa najifunza Kisukuku."

Watoto mia mbili walicheka. Hata mwalimu mkuu alicheka akasahau fimbo. Nilibaki nimesimama katikati, sijui wanacheka nini, mpaka Mwalimu Hiza akanishika mkono akamwambia mkuu, "Niachie huyu. Nitakwenda naye kwao, taya litarudi leo."

Njiani mwavuli wake ulitufunika wote wawili. Kisha akaniuliza polepole, nami nikamwambia yote: lori, kofia ya njano, kiharusi, ulimi. Alisimama.

"Minza mwanangu," akasema, "kisukuku si lugha. Ni jina la kitu kilichokaa ardhini mpaka kikageuka jiwe. Makosa yangu, sikueleza vizuri."

Nilihisi guku amekufa tena. Halafu nikakasirika. "Wewe ulisema taya linakuambia!"

"Halijaniambia hata neno moja, wallahi. Mfupa hausemi. Mimi naangalia tu huyu bwana alikuwa anafanya nini na mdomo wake. Meno yamelika upande huu, basi najua alitafuna upande huu. Kama wewe na ng'ombe zako. Ng'ombe kakuambia umri wake kwa maneno?"

Nilikuwa nimechukia, na nilitembea mbele ya mwavuli wake nikichomwa na jua makusudi.

Nyumbani mayu alipoona mwalimu anakuja na mimi alishika kiuno, akajua pana balaa. Lakini mgeni ni mgeni. "Mwadila, mwalimu," akamsalimu, salamu ya mchana, na Mwalimu Hiza kwa kujivunia Kisukuma chake akajibu "Mwangaluka, mayu!", ambayo ni ya asubuhi. Mayu akauma kanga asicheke. Akamletea kigoda na sahani ya matobolwa, vile viazi vyetu vikavu vilivyochemshwa, na mwalimu akayatafuna huku akieleza mkasa wangu kwa upole kiasi kwamba mayu alikosa pa kuanzia kunigombeza.

Mimi nilikuwa naangalia mdomo wa mwalimu ukitafuna. Upande wa kulia, kushoto hagusi. Nikawaza, huyu ana jino bovu. Na hapo likaniingia. Nikamgeukia mayu, na lile swali ambalo sikuthubutu kuliuliza likatoka limebadilika.

"Mayu, siku ile guku alikuwa anafanya nini na mdomo wake?"

Mayu akaiweka sahani chini. "Unauliza nini wewe?"

"Sikuulizi alisema nini. Alikuwa anafanya nini na mdomo?"

Alifikiri nitakuwa na homa. Lakini mwalimu naye alikuwa ameacha kutafuna, anasubiri, na mayu akakaa chini, akafumba macho akikumbuka. "Alikuwa anakiangalia kigoda chako," akasema, "ndiyo maana nikajua anakutaka wewe. Na mdomo alikuwa anaufanya hivi." Akafungua mdomo, ulimi ukapanda juu kidogo ukaanguka. Akafunga. Akafungua tena, ukapanda, ukaanguka. Akatulia. Halafu tena mara mbili. "Nilidhani anatafuta pumzi," akasema mayu. "Mara mbili, anapumzika. Mara mbili, anapumzika."

Nilijua kabla hajamaliza. Nikaupandisha ulimi wangu kwenye kaakaa nikaupiga: ko, ko. Nikapumzika. Ko, ko.

Zizini, ndama wote wakainua vichwa.

"Yesu wangu," mayu akasema, akajifunika uso kwa kanga. "Kumbe alikuwa anaita ndama!"

"Alikuwa ananiita mimi," nikasema. "Alikuwa ananiita hivyo. Akikasirika alikuwa anasema Minza ng'wana Masunga. Hakusema hivyo, mayu. Hakuwa amekasirika!" Nikawa nalia na kucheka, nimemshika Mwalimu Hiza suruali, na mwalimu wa watu anaangalia mbali upande wa pamba kana kwamba kuna mtu anamjua kule. Sikuwepo alipoita, hilo halikufutika na halitafutika. Lakini sikulaaniwa. Nilikuwa naitwa nirudi nyumbani jioni, kama siku zote.

Taya tulilifukua linanuka samadi, na Ijumaa lilikuwa bado linanuka. Afisa elimu alikunja pua akauliza linamfaa nini mtoto wa mkulima. Mwalimu Hiza akasema, "Minza atakueleza." Nikaeleza meno, majani na uzee, nikamalizia kwamba mfupa hausemi, bwana mkubwa, wewe ndiye unaangalia ulikuwa unafanya nini. Msimu ule pamba haikuingia. Msimu uliofuata iliingia, nasi tukapata madawati, na sitayasema vibaya maana niliyakalia. Maboksi yalihamia chini ya kitanda cha Mwalimu Hiza, na alipohamishwa aliyapakia yote. Alisema atayafikisha kwa wataalamu, nami namwamini.

Nilikuwa nasema habari za juzi, pale kibarazani. Pemba imenishika ulimi, nimefumba macho, na nilipoyafumbua nikamwona kitinda mimba wangu mbali kule karibu na barabara, amechutama, anajenga kitu kwa matope. Giza lilikuwa linakaribia. Nikataka kumwita ko, ko, kama nilivyowaita wote wanne. Ulimi haukubanduka. Nikafungua mdomo, nikafunga. Nikafungua, nikafunga. Hakuna kilichotoka.

Akainua kichwa. Akaacha matope yake, akaja mbio mpaka ngazini, mikono imechafuka, anahema.

"Mama, umeniita?"

Nilikuwa bado siwezi kusema, nikamwitikia kwa kichwa.